Si Miaka Iliyomvunja Bibi

Katika mashamba ya mikarafuu kisiwani Pemba hakuna asiyejua maana ya kuanguka. Kijana akiteleza kutoka tawi la juu akavunjika mguu, hakuna anayeuliza sababu: mti ulikuwa mrefu, tawi lilikuwa limelowa mvua, na ardhi haina huruma. Majirani hukusanyika, gari hutafutwa, na majeruhi hufikishwa hospitali siku ile ile. Lakini bibi yake kijana huyo anapojikwaa ukumbini kwa ukingo wa jamvi, akaanguka kwa kimo chake mwenyewe na kuvunjika paja, mambo huwa mengine kabisa. Hapo ndipo husikika kauli iliyozoeleka: "Ni uzee." Na kwa kuwa uzee hauna dawa, bibi huchuliwa kwa mafuta, hulazwa kitandani, na nyumba nzima huanza kungoja.

Ndugu msomaji, kauli hiyo ndiyo tunayokusudia kuizungumzia Jumapili ya leo. Tunaizungumza tukiwa tunaielekeza Mtambile, pale njia ya Chake Chake kwenda Mkoani inapokutana na njia iendayo Kengeja na Mwambe. Hata hivyo, yatakayosemwa yanakihusu kila kijiji chenye wazee, na hakuna kijiji kisicho nao.

Hoja yetu ni moja. Mfupa wa mtu mzima unaovunjika kwa kuanguka kidogo haukuvunjwa na miaka peke yake. Aghalabu umevunjwa na maradhi yenye jina, yenye sababu na yenye dawa. Kuvunjika kwa mara ya kwanza ni onyo kwa familia nzima. Onyo hilo lisiposikilizwa, kuvunjika kwa pili huja, nako huwa kuzito zaidi.

MFUPA NI KITU KILICHO HAI

Wengi wetu huudhani mfupa kuwa kitu kikavu mfano wa boriti iliyobeba dari: ukishakuwekwa umewekwa. La hasha. Mfupa ni sehemu ya mwili iliyo hai. Ndani yake mna chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa, na chembe nyingine zinazojenga mahali palipobomolewa, kama mafundi wa chokaa wanaoitengeneza nyumba kuukuu ya mawe. Katika utoto na ujana wajenzi huwashinda wabomoaji, na akiba ya mfupa hufikia kilele chake karibu na umri wa miaka 30. Baada ya hapo wabomoaji huanza kutangulia, polepole, mwaka baada ya mwaka.

Pengo hilo likiwa kubwa, mfupa hubaki na umbo lake la nje, lakini ndani huwa na vitundu vingi na kuta nyembamba, mithili ya ubao ulioliwa na mchwa huku rangi ya juu ingali inang'aa. Madaktari huyaita maradhi haya osteoporosisi, jina lenye asili ya Kigiriki lenye maana ya mfupa wenye vitundu. Kwa Kiswahili tutayaita udhaifu wa mifupa.

Inafaa ieleweke kwamba maradhi haya si baridi yabisi. Baridi yabisi huuma viungo, huvimbisha magoti na vidole, na mgonjwa huyajua maumivu yake tangu asubuhi. Udhaifu wa mifupa hauumi hata kidogo mpaka siku ile mfupa unapovunjika. Hiyo ndiyo hila yake. Mtu aweza kuishi nao miaka kumi bila ya kujua, akapalilia muhogo wake na kuchambua karafuu zake, akadhani yu mzima.

KWA NINI AKINA MAMA ZAIDI?

Mwaka 1941 daktari Fuller Albright na wenzake wa mjini Boston, Marekani, walieleza uhusiano uliopo baina ya udhaifu wa mifupa na kukoma kwa hedhi. Katika mwili wa mwanamke mna homoni iitwayo estrojeni ambayo, pamoja na kazi zake nyingine, huwazuia wale wabomoaji wa mfupa wasivuke mpaka. Hedhi inapokoma, aghalabu karibu na umri wa miaka 50, homoni hiyo hupungua sana, na kwa miaka michache inayofuata mfupa hupotea kwa kasi. Mwanamke ambaye hedhi yake ilikoma mapema, kabla ya miaka 45, au aliyetolewa vifuko vya mayai kwa upasuaji, huingia katika hatari hiyo mapema zaidi.

Wanaume nao hawakusalimika. Wao huanza na akiba kubwa zaidi na hupoteza polepole, kwa hiyo maradhi huwafikia wakiwa wamechelewa kidogo. Inakisiwa kwamba, kwa hesabu ya dunia nzima, mwanamke mmoja katika kila watatu waliovuka miaka 50, na mwanamume mmoja katika kila watano, atavunjika mfupa kwa sababu hii katika umri wake uliobaki.

Yapo mambo yanayoongeza hatari kwa wote. Wembamba uliopita kiasi ni mojawapo, na vivyo hivyo uvutaji wa sigara, ulevi, maradhi ya tezi ya shingo inapofanya kazi kupita kiasi, na mzazi aliyewahi kuvunjika nyonga. Jambo jingine ni dawa za jamii ya prednisoloni, ambazo hupewa wenye pumu na wenye maradhi ya viungo. Zikitumiwa kwa vidonge miezi mitatu au zaidi, dawa hizi hupunguza mfupa. Anayezitumia asiziache ghafla, kwani kuziacha ghafla ni hatari nyingine. Amwulize daktari wake juu ya kinga ya mifupa. Na vidonge vya maumivu vinavyouzwa mikononi bila ya jina wala karatasi ya maelezo ni bora kuviepuka kabisa, maana anayevimeza hajui anachomeza.

JE, NI MARADHI YA WAZUNGU?

Wako wasemao kwamba haya ni maradhi ya nchi za baridi. Kauli hii haikuzuka hivi hivi. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon wa Johannesburg, Afrika ya Kusini, alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kuvunjika nyonga kulikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika wa huko kulinganisha na watu wa Ulaya. Baadaye, wachunguzi waliofanya kazi miaka mingi katika vijiji vya Gambia walikuta wanawake waliokula chokaa ya chakula, yaani kalisi, kwa kiasi kidogo sana, na bado wachache tu kati yao walivunjika. Kutembea kwa miguu, kulima, kutwanga na kubeba mizigo tangu utotoni hapana shaka kuna sehemu yake katika jambo hilo.

Lakini tusilale usingizi juu ya habari hiyo njema. Kwanza, hesabu za namna hii mara nyingi hutokana na daftari za hospitali, na bibi aliyevunjika paja akabaki nyumbani haandikwi katika daftari lolote. Pili, udhaifu wa mifupa ni maradhi yanayongoja umri, na watu wetu sasa wanaishi zaidi. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipoanza, Aprili 2016, kuwalipa pensheni jamii watu wote waliofikia miaka 70, kwa kima cha awali cha shilingi 20,000 kwa mwezi, ilikuwa ni kukiri hadharani kwamba wazee wa umri huo ni sehemu ya jamii yenye mahitaji yake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 543,441 katika kisiwa cha Pemba. Vijana waliomo katika hesabu hiyo ndio wazee wa kesho, na wengi wao hawafanyi tena kazi za sulubu walizozifanya bibi zao.

DALILI ZINAZOFICHWA NA MAZOEA

Tumesema kwamba maradhi haya hayaumi. Hata hivyo, mwenye macho huyaona kabla ya msiba mkubwa.

Dalili ya kwanza ni kupungua kimo. Pingili za uti wa mgongo zilizodhoofika huweza kubonyea moja baada ya nyingine, na mara nyingi mtu hana habari. Inakadiriwa kwamba katika kila pingili tatu zinazovunjika, ni moja tu inayofikishwa mbele ya daktari. Utamwona babu ambaye kanzu yake ilikuwa ikimfika vifundoni, sasa inaburura chini, naye hulaumu fundi cherehani. Utamwona bibi ambaye buibui lake limekuwa refu bila ya kushonwa upya. Njia nyepesi ya kupima ni kumsimamisha mzee ukutani, visigino vikigusa ukuta, na kutia alama ya mkaa juu ya kichwa chake kila mwaka. Akipungua sentimita nne au zaidi kutoka kimo chake cha ujana, hilo ni jambo la kumpeleka kwa daktari.

Dalili ya pili ni mgongo unaopinda ukafanya kibiongo. Tumezoea kusema kwamba mgongo umekunjwa na miaka. Lakini wapo wazee wa miaka 85 walionyooka kama mnazi, na wapo wa miaka 65 waliopinda. Ingekuwa ni miaka tu, wote wangepinda sawa.

Dalili ya tatu ni maumivu makali ya mgongo yanayoanza ghafla, mtu alipoinua ndoo ya maji au polo la muhogo, au hata alipopiga chafya. Wengi hukimbilia kukandwa. Ndugu msomaji, mgongo wa mzee ulioanza kuuma ghafla usikandwe kwa nguvu wala usikanyagwe, kwani yumkini pingili imevunjika.

Dalili ya nne ni kuvunjika kifundo cha mkono. Mama wa miaka 55 huteleza kisimani, akajizuia kwa kiganja, mkono ukavunjika. Mkono hufungwa, hupona, na habari husahauliwa. Kumbe hapo ndipo familia ilipopaswa kuuliza, mapema, kabla ya nyonga.

Si kila mgongo uliopinda au unaouma, lakini, ni wa maradhi haya. Maumivu yanayozidi usiku, homa za jioni, kukonda bila ya sababu, au miguu kuingia ganzi na kukosa nguvu, huweza kuwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo au saratani. Hayo nayo yana matibabu yake, na kila siku ya kuchelewa ina gharama. Kwa hiyo daktari ndiye wa kuamua, si jirani, wala si sisi wa gazetini.

SIKU YA KUANGUKA

Sasa tuje katika siku yenyewe. Tuseme ni baada ya magharibi, katika nyumba moja ya Mtambile. Bibi ametoka kutia udhu, ukumbi una maji, mitalawanda imeteleza, ameanguka kwa ubavu. Hawezi kusimama. Mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na unyayo umegeukia nje. Hizo ni alama za nyonga iliyovunjika.

La kwanza, asilazimishwe kusimama ili "ajaribu". La pili, asichuliwe wala asivutwe mguu. La tatu, miguu yake miwili ifungwe pamoja kwa kanga, katikati ukiwekwa mto, kisha abebwe juu ya ubao au kitanda cha kamba, na gari itafutwe usiku ule ule. Kutoka Mtambile njia ya lami inafika Mkoani, ilipo Hospitali ya Abdalla Mzee, ambayo ilijengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016. Huko ndiko itakakopigwa picha ya mfupa, na huko ndiko itakakoamuliwa kama mgonjwa atahudumiwa hapo au atavuka bahari kwenda Mnazi Mmoja, Unguja.

Kwa nini haraka yote hii? Kwa sababu nyonga ya mzee iliyovunjika si kama mkono wa mtoto. Mara nyingi haiungi vyema kwa kulala tu. Huhitaji upasuaji wa kuushikiza mfupa kwa chuma, au kubadili kichwa cha mfupa wenyewe, na upasuaji huo una faida kubwa zaidi ukifanywa ndani ya siku mbili, ili mgonjwa asimamishwe mapema. Anayelazwa chali wiki nyingi hauawi na mfupa. Huuawa na vidonda vya mgongoni, na nimonia, na damu iliyoganda mguuni ikasafiri hadi mapafuni. Hata katika nchi zenye hospitali za kila aina, kati ya mmoja katika watano na mmoja katika watatu wa waliovunjika nyonga hufariki katika mwaka wa kwanza. Pale ambapo mgonjwa amewekwa nyumbani bila ya matibabu, si vigumu kukisia hali inavyokuwa.

Tunajua kwamba hapa ndipo baraza la familia linapokaa, na mara nyingi bibi mwenyewe ndiye wa kwanza kukataa. "Wanangu," husema, "mimi nimekwisha kula chumvi nyingi. Msinihangaishe, na vijisenti vyenu wapelekeeni watoto skuli." Ni maneno ya mapenzi, na mtoto mwenye adabu hushindwa kuyajibu. Lakini yana jibu, na mwana aweza kulitoa kwa heshima: "Mama, hatukupeleki ili urudi kuwa kijana. Tunakupeleka ili uweze kwenda msalani kwa miguu yako mwenyewe." Hakuna mzee asiyelifahamu jambo hilo. Matibabu ya nyonga kwa mtu wa miaka 80 hayamwongezei umri peke yake. Humrudishia sitara yake.

Wako pia wasemao kwamba yote yameandikwa, basi tumwachie Mungu. Nasi hatupingi kwamba yote yako mikononi mwake. Lakini mvuvi wa Mkoani hutia nanga kwanza, kisha ndipo akatawakali.

SWALI AMBALO HUSAHAULIWA

Mfupa umekwisha tengenezwa, bibi amerudi nyumbani na mkongojo wake. Hapo ndipo familia nyingi hudhani safari imekwisha. Kumbe kilichotibiwa ni kuvunjika. Udhaifu wenyewe bado uko pale pale, katika nyonga ya pili, katika mgongo, katika mikono. Mtu aliyekwisha vunjika mara moja kwa kuanguka kidogo, hatari yake ya kuvunjika tena ni takriban maradufu ya mwenzake. Hata katika nchi tajiri, walio wengi kati ya waliovunjika hutoka hospitali bila ya kupewa dawa ya mifupa, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Basi familia na iulize. Swali lenyewe ni hili: "Daktari, mfupa umeutengeneza, je, udhaifu uliouvunja tutautibu vipi?"

Kipo kipimo maalumu cha kupima uzito wa mfupa kwa mionzi kidogo, kiitwacho Deksa, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango cha kuyatambua maradhi haya kwa kipimo hicho. Mashine hizo ni chache katika nchi yetu, na mtu wa Pemba asitazamie kuikuta karibu. Lakini kukosa mashine si sababu ya kukosa matibabu. Mtu aliyevuka miaka 50 akavunjika nyonga au pingili ya mgongo kwa kuanguka kidogo, daktari akishaondoa shaka ya maradhi mengine, huweza kuhesabiwa kuwa ana udhaifu wa mifupa bila ya kupimwa na mashine yoyote. Kwa wasiovunjika bado, tangu mwaka 2008 ipo namna ya kukadiria hatari kwa maswali matupu, iitwayo Fraksi, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza.

Dawa inayotumika zaidi ni alendroneti, ambayo huwapunguza nguvu wale wabomoaji. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1996, uliohusisha wanawake 2,027 wa Marekani ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika, ulionyesha kwamba katika muda wa miaka mitatu dawa hiyo ilipunguza kuvunjika kwa nyonga na kwa pingili kwa karibu nusu. Siku hizi hutengenezwa na viwanda vingi, na mgonjwa humeza kidonge kimoja tu kwa wiki.

Kidonge hicho kina masharti yake, na anayeyavunja hujiunguza koo. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu, si kwa chai wala kwa maziwa. Baada ya kumeza, mgonjwa hukaa wima au husimama kwa nusu saa, asilale, asile kitu. Bibi asiyeweza kukaa wima, au mwenye taabu ya kumeza, au mwenye figo zilizochoka, hapewi. Kwake iko dawa nyingine, baadhi yake zikiwa ni za sindano. Katika mwezi wa Ramadhani, mgonjwa na aafikiane na daktari wake juu ya siku na saa ya kumeza. Kwa kuwa kidonge ni kimoja kwa wiki, jambo hilo halina uzito. Mwenye meno mabovu yanayohitaji kung'olewa aseme mapema, kabla ya kuanza dawa.

CHAKULA, JUA NA KAZI

Dawa ya mfupa haifanyi kazi pasipo na vifaa vya kujengea. Kifaa cha kwanza ni kalisi. Mtu mzima aliyevuka makamo huhitaji miligramu zipatazo 1,000 hadi 1,200 kwa siku. Kikombe cha maziwa, yawe mabichi yaliyochemshwa au ya mtindi, kina kiasi cha miligramu 250 au zaidi kidogo. Lakini maziwa ni ghali, na kisiwa chetu kina hazina yake nyingine. Dagaa mkavu anayeliwa mzima, pamoja na miba yake, ni chakula kilichojaa kalisi kwa bei ya sokoni. Kwa mzee asiye na meno, dagaa huyo na atwangwe kinuni, achungwe, na unga wake utiwe katika uji au mchuzi. Majani ya mlonge, matembele na ufuta navyo ni wasaidizi wema. Mchicha ni mzuri kwa mambo mengi, ila kalisi yake haipatikani kwa wepesi mwilini, kwa hiyo usitegemewe peke yake.

Kifaa cha pili ni samaki, kunde na choroko, kwani mfupa hauna kalisi tu. Mzee anayeshinda kwa muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, misuli yake hupungua, na misuli ikipungua mwili huanguka. Na ng'onda, kwa utamu wake wote, aliwe kwa kiasi. Chumvi nyingi huitoa kalisi kwa njia ya mkojo.

Cha tatu ni vitamini D, inayotengenezwa na ngozi inapopigwa na jua. Twaweza kudhani kwamba katika nchi ya jua kali hakuna anayeikosa. Kumbe mzee anayeshinda ndani, na akitoka amejisitiri mwili mzima, jua halimfikii. Na ngozi ya uzeeni hutengeneza kidogo kuliko ya ujana. Dawa ya jambo hili haivunji sitara ya mtu. Uani, ndani ya ua uliozungushiwa makuti, bibi aweza kuketi asubuhi mikono na miguu ikiwa wazi, akapata haki yake ya jua. Asiyeweza hilo, daktari aweza kumpa vitamini hiyo kwa vidonge.

Cha nne ni mwendo. Mfupa usiobebeshwa kitu hujiona hauna kazi. Mzee na atembee kila siku, hata kama ni kwenda msikitini na kurudi. Ajizoeze kuinuka kitini bila ya kujivuta kwa mikono, mara kumi asubuhi na mara kumi jioni. Ashike nguzo ya baraza na kuinua visigino. Lakini mwenye pingili iliyokwisha vunjika asiiname kwa kiuno kuinua mzigo. Ufagio wa chelewa na ufungiwe mpini mrefu, na mbuzi ya kukunia nazi ikaliwe na mjukuu.

NYUMBA ISIYOANGUSHA

Yako mambo ya nyumbani yasiyogharimu chochote. Jamvi lililokunjika ukingo liondolewe njiani. Mahali pa kuogea pawekwe mchanga au pasuguliwe ukoga, na ukutani ipigiliwe fimbo madhubuti ya kushikia. Mitalawanda na kandambili zilizolika zitupwe. Mzee na avae viatu vinavyoshika kisigino. Njia ya msalani iwe na taa, au kurunzi iwekwe chini ya mto. Anayeona kwa ukungu apelekwe akapimwe macho, kwani mtoto wa jicho huwaangusha wengi. Na dawa za presha zinazomtia mtu kizunguzungu anapoinuka zitajwe kwa daktari.

Ndugu msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ukoo wako, yumkini katika nyumba yako, yuko mtu mzima ambaye kanzu yake inaburura, au ambaye mkono wake ulivunjika mwaka juzi na hakuna aliyeuliza kwa nini. Juma hili mwulize. Mpime ukutani. Kama aliwahi kuvunjika, mfuate hadi kituo cha afya, na usirudi kabla hujapata jibu la lile swali moja. Waliotubeba mgongoni tulipokuwa hatujui kusimama, haki yao kwetu ni kwamba tusiache mgongo wao ukunjike kwa kisingizio cha miaka.

Tukutane Jumapili ijayo, Inshallah.